Kutembea Nuruni

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Yosiya Kinuka alifunga safari kutoka Gahini kwenda Kampala, kinyongo kimemjaa hadi kooni. Alikuwa kiongozi wa wafanyakazi Waafrika katika hospitali ya misheni iliyojengwa juu ya kilima, mashariki mwa Rwanda, mahali ambapo Ziwa Muhazi linaonekana kule chini likijipenyeza kati ya vilima. Yeye na daktari wa hospitali ile, Mwingereza Joe Church, walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Daktari hakumfukuza kazi. Alimtuma akakae siku chache kwa rafiki yake Mganda, Simeoni Nsibambi, huko Namirembe.

Nsibambi alimuuliza mgeni wake habari za hospitali, na Kinuka hakubakiza neno. Akamwaga yote yaliyoharibika na yote yasiyokwenda. Mwenyeji alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwamba hospitali iko hivyo kwa sababu ya dhambi iliyomo moyoni mwa Kinuka mwenyewe. Hakumpa pole wala hakumtafutia mkosaji mwingine. Siku za ugeni zikaisha, Kinuka akapanda lori kurudi Rwanda, na katika safari ile ndefu maneno yale yakawa yanamtafuna. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshasalimu amri kwa Mungu. Aliporudi Gahini alimwendea daktari na kutubu.

Msomaji wa leo ana haki ya kukunja uso. Hospitali ya wakoloni, bosi mzungu, mfanyakazi mweusi mwenye malalamiko, na jibu analopewa ni kwamba kosa liko moyoni mwake? Mimi mwenyewe nilipokutana na kisa hiki mara ya kwanza nilikiona kama dawa ya usingizi. Nilibadili mawazo baada ya kujua kwamba dawa ileile alikuwa amekwisha kunyweshwa daktari, na aliyemnywesha ni Nsibambi huyohuyo.

Church alifika Gahini mwaka 1928, kijana aliyesomea Cambridge, mwenye ari ya kuijenga hospitali. Alichokikuta ni njaa. Ile njaa ya 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda waliipa jina la Rwakayihura, ilipiga vibaya hasa upande wa mashariki. Watu walikufa njiani wakitafuta chakula, na wengine wakavuka kwenda Uganda. Daktari aligawa chakula, akatibu, akazika, mpaka nguvu za mwili na za roho zikamwishia. Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko Namirembe akakutana na Nsibambi. Mtu huyu alimwambia kwamba ana kiu ya kitu ambacho kanisa halijampa. Church alikuwa na kiu hiyohiyo, ila alikuwa hajathubutu kuisema. Walikaa siku mbili wakifungua Biblia, wakifuatilia kila mahali inapomtaja Roho Mtakatifu. Wanahistoria wengi wa Uamsho wa Afrika Mashariki, mwamko wa toba ninaousimulia hapa, huanza kuhesabu kutokea siku zile mbili.

Nsibambi hakuwa mtu wa kuokotwa njiani. Alizaliwa mwaka 1897 katika familia ya wenye ardhi huko Buganda, akasoma shule ya Budo, akatumika katika kikosi cha tiba cha Waafrika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha akapata kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Alitamani sana kupelekwa ng'ambo kusoma. Nafasi haikutokea, na uchungu ukamwingia. Hilo ndilo lililokuwa jaribu lake, wala halikuwa pombe au wanawake. Mwaka 1922, kwa ushuhuda wake, Mungu alimwonyesha kwamba elimu ile aliyoililia ni ndogo mno mbele ya uzima wa milele. Akaacha kazi baadaye, akaacha viatu na suti, akawa anatembea miguu mitupu na kanzu yake, akiwauliza wapita njia juu ya hali ya roho zao. Wengi walimwona kichaa. Lakini mtu aliyejua jinsi uchungu unavyoweza kujificha ndani ya sababu nzuri ndiye aliyefaa kumsikiliza Kinuka.

Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyekwenda Gahini mwaka 1929 kufundisha shule. Kijana huyu aliona kwamba Wakristo wa misheni wamebatizwa, wamejifunza kusoma, wanavaa vizuri Jumapili, na siku nyingine sita wanaishi kana kwamba hawajasikia lolote. Dhambi ilikuwa ikienda kanisani pamoja nao na kurudi nao nyumbani. Kwanza alijaribu kuwakaripia. Mwaka 1935 alijifungia kibandani pake wiki nzima akiomba na kufunga, na wale waliomwona alipotoka walisema aliyetoka si yule aliyeingia. Januari 1936, akiwa Uganda akijiandaa kuzungumza mbele ya sinodi, alishikwa na homa ya papasi, akafa kabla ya kufikisha neno lake. Alikuwa ametayarisha mambo matatu: ubaridi wa kanisa, aibu ya kuwapa Meza ya Bwana watu wanaoishi waziwazi katika dhambi, na swali la nini kifanyike. Neno lake la Kiganda la kuwaamsha waliolala, Zukuka, likawa wito wa kanisa la Uganda katika sherehe za miaka 60 mwaka 1937.

Nirudi nyuma kidogo, maana kuna siku moja isiyopaswa kurukwa. Mwishoni mwa Desemba 1933, siku chache baada ya Krismasi, watu walikusanyika Gahini kwa mafundisho na maombi. Mkutano ulikuwa umepoa. Katikati ya maombi Mkristo mmoja Mwafrika akasimama na kuanza kuungama dhambi zake kwa sauti. Akafuata mwingine, kisha mwingine. Kwa zaidi ya saa mbili watu walikuwa wakisimama, nyakati nyingine watatu kwa mara moja, kila mmoja akitaka kusema. Wamisionari hawakuwa wamepanga jambo hilo wala hawakujua walizuie au waliache. Katika kanisa la Kianglikana maungamo husomwa kitabuni, wote kwa pamoja, na dhambi haina jina wala mwenyewe.

Tangu hapo mambo yalianza kurudishwa. Vitu vilivyoibwa misheni na maofisini vilirudi vikibebwa mkononi na aliyeviiba, na madeni yaliyokwisha kusahauliwa yakalipwa. Waume waliungama mbele ya wake zao. Katika jamii ambazo mwanamume alikula peke yake, wakaanza kuonekana wanaume waliookoka wakikaa na wake zao kula sahani moja, na majirani wakasema dini hii imewaloga. Huko Rwanda waliitwa Abaka, yaani wanaowaka moto. Uganda wakaitwa Balokole, waliookoka, na jina hilo lilianza kama kejeli. Kiswahili kikalichukua likawa Walokole, na mpaka leo ukimwambia mtu "wewe mlokole" lazima aangalie uso wako kwanza ajue kama unamsifu au unamdhihaki. Wenyewe walipendelea kuitana ndugu. Askofu ndugu, mpishi ndugu, daktari mzungu naye ndugu.

Ndani ya vikundi hivi vya ndugu ndimo lilimozaliwa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha historia yote hii.

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo moja. Wakatoliki katika Sala ya Bwana husema kishawishi, Waprotestanti husema majaribu. Kishawishi kinakuja kukubembeleza. Jaribu linakuja kukupima. Walokole walikulia kwenye neno la pili, lakini uzoefu wao ulikuwa zaidi wa lile la kwanza. Waligundua kwamba kinachomwangusha mtu aliyeokoka mara nyingi si tufani, ni kitu kidogo chenye sauti tamu: neno la ndugu lililokuchoma na ukalinyamazia, senti chache ulizozikopa sandukuni ukikusudia kuzirudisha, wivu juu ya mwenzako aliyealikwa kuhubiri ukaachwa wewe. Kitu hicho huishi kwa kufichwa. Kwa hiyo wao waliamua kukinyima giza.

Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi kuueleza na mgumu kuushika. Ndugu wa eneo moja hukutana kila wiki, wengine hata kila siku alfajiri. Wanaimba, na wimbo wao ukawa ule wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, unaojulikana leo kutoka Kigezi hadi Kilimanjaro. Wanasoma Neno. Kisha kila mmoja anasema hali yake ya leo, si ya mwaka aliookoka. Aliyekasirika anasema nimekasirika. Aliyetamani anasema nimetamani. Aliye na kinyongo na ndugu aliyeketi pale pale anamgeukia na kumwambia. Hilo waliliita kutembea nuruni, wakilichukua kutoka sura ya kwanza ya waraka wa kwanza wa Yohana, na kwao halikuwa fumbo. Lilimaanisha kwamba hakuna kitu kati yangu na wewe ambacho hukijui.

Hapa waliachana na walimu wao, ingawa polepole. Church na wenzake walikuwa wamelelewa katika mafundisho ya Keswick, mkutano wa kila mwaka ulioanza huko Uingereza mwaka 1875, ambao ulifundisha maisha ya ushindi: mtu ajitoe kabisa, apokee utimilifu, na tangu hapo asimame juu ya dhambi. Ndugu walilijaribu hilo kwa bidii. Wengine walijitesa wakitafuta daraja la juu zaidi la utakatifu, na kadiri walivyokazana ndivyo walivyozidi kukaukiwa na kupimana. Walichokipata mwishoni hakikuwa na fahari ya namna ile. Ushindi, walisema, ni kutubu upesi. Mtu aliyekua kiroho hakuwa yule asiyesikia kishawishi, alikuwa yule ambaye umbali kati ya kuanguka kwake na kuja msalabani umekuwa mfupi, kutoka miezi hadi siku, kutoka siku hadi saa. William Nagenda, karani wa serikali na shemeji yake Nsibambi aliyeokoka mwaka 1936, alilihubiri hilo kuliko yeyote. Mwaka 1947 yeye na Kinuka walikuwa Uingereza pamoja na Church, Waafrika wawili wakiwafundisha kutubu watu wa nchi iliyowaletea injili.

Na wazungu walitubu. Hilo lisichukuliwe kijuujuu. Katika Afrika Mashariki ya miaka ya 1930 mmisionari kusimama mbele ya Waafrika na kuungama kiburi chake, hasira zake na dharau yake ya rangi lilikuwa jambo la kushtua kuliko mahubiri yoyote. Baadhi ya wamisionari hawakuweza, wakaona mambo haya ni utovu wa adabu. Waliokubali walijikuta wakiitwa kwa jina bila cheo na kuulizwa maswali na vijana waliowafundisha kusoma.

Nisije nikawapaka mafuta. Chombo chenye makali namna hii kilikata pia mikono ya wenyewe. Kuungama hadharani kuligeuka mahali pengine kuwa tamasha, hasa dhambi za zinaa zilipoelezwa kwa urefu usiohitajika. Palikuwa na ndugu waliojipa kazi ya kuzinusa dhambi za wenzao, na mtu asiye na la kuungama alitiliwa shaka kuliko mwizi. Kishawishi kilichofukuzwa mlangoni kikarudi kupitia dirishani kimevaa kanzu nyeupe: kiburi cha kuwa mnyenyekevu. Oktoba 1941 katika chuo cha theolojia cha Mukono, Nagenda na wanafunzi wenzake waliokuwa wakiamka usiku wa manane kuomba na kuhubiri waliamriwa waache. Walikataa, na 26 wakafukuzwa. Waliokuwa na haki ni akina nani? Nadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu yake. Ila wale waliofukuzwa hawakuanzisha kanisa lao. Walibaki ndani ya kanisa lililowatimua, wakakaa viti vya nyuma, wakaendelea kukutana. Miongo mitatu baadaye ndugu wenyewe kwa wenyewe waligawanyika, wengine wakisema wenzao wamelala na wanahitaji kuamka upya, wakiwakataza hata kukopa benki na kufuga mbwa. Huo nao ni ukurasa wao, sitauficha.

Kenya ndiko jaribu lilikokuja likiwa na panga mkononi. Uamsho ulikuwa umefika nchi ya Wagikuyu na Nyanza kuanzia 1937, ukiletwa na timu za kutoka Rwanda na Uganda. Miaka 15 baadaye, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Wapiganaji wa Mau Mau walidai kila Mgikuyu ale kiapo. Serikali ilidai kila mtiifu achukue silaha. Ndugu walikuwa Wagikuyu kama wengine, ardhi yao ilikuwa imechukuliwa kama ya wengine, na walijua kwamba jirani anayewagongea usiku ana sababu. Wengi wao walikataa kiapo, wakisema wamekwisha kunywa kikombe kingine. Wengi wao hao hao walikataa pia bunduki ya serikali na kukataa kulala ndani ya ngome zake. Waliuawa na watu wa msituni kwa kuwa wasaliti, na maofisa wakawashuku kwa kuwa hawakutaka kupigana.

Nimewahi kusikia wakisimuliwa kama watu wasiojua woga. Siamini. Kishawishi cha kuapa tu, kwa mdomo, moyo ukiwa mbali, lazima kiliwapitia wote, na wapo walioapa kisha wakaja kwenye ushirika wakilia kulisema. Waliopokewa tena ni wengi. Wapo pia wazalendo wa Kenya ambao hawakuwahi kuwasamehe ndugu kwa kutosimama na taifa lao siku ile, na hoja yao haifutiki kwa kuimba. Obadiah Kariuki, mmoja wa ndugu hawa, alikuwa ameoa binti wa Chifu Koinange, kama alivyofanya Jomo Kenyatta. Mei 1955 shemeji mmoja alikuwa kifungoni kwa tuhuma za kuongoza Mau Mau, na mwingine alikuwa Namirembe akiwekwa wakfu kuwa askofu, pamoja na Festo Olang' wa Kenya, Daniel Deng Atong wa Sudan na Yohana Omari wa Tanganyika.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Nchi ambako watu walisimama watatu watatu kuungama ndiyo nchi iliyoingia katika mauaji ya kimbari mwaka 1994. Makanisa yakawa machinjio. Wapo ndugu waliokufa wakiwaficha majirani zao wa kabila jingine, na wapo Wakristo, wengine wajukuu wa uamsho, walioshika mapanga. Walokole walikuwa hodari kuileta nuruni dhambi ya mtu mmoja mmoja. Dhambi iliyoandikwa kwenye vitambulisho na kufundishwa shuleni haikuwa na mtu wa kusimama na kusema "ni yangu". Zana yao haikutengenezwa kwa kazi hiyo, au hawakuitumia kwa kazi hiyo. Sijaona maelezo yanayonitosheleza.

Nimalizie na mtu mmoja ambaye zana hiyo ilimfanyia kazi. Festo Kivengere alizaliwa Kigezi, Uganda, mwaka 1919, mtoto wa wafugaji, na alikuwa mwalimu kijana anayekunywa sana wakati uamsho ulipokigeuza kijiji chake. Alipookoka, mwanzoni mwa miaka ya 1940, furaha haikudumu muda mrefu kabla ya kukumbushwa mtu mmoja. Alikuwepo Mwingereza aliyemchukia kwa moyo wote. Kivengere alitoa hoja zote: yule ni mzungu, yule ndiye aliyekosa, na anakaa mbali. Mwishowe alipanda baiskeli, akaendesha kama maili 50, akafika mlangoni pake na kumwambia kwamba alikuwa akimchukia, na kwamba amekuja kumwomba msamaha. Walilia pamoja. Baadaye alikwenda kufundisha Dodoma, akakaa Tanganyika zaidi ya miaka kumi, akawa mmoja wa wahubiri wakubwa wa Afrika na askofu wa Kigezi.

Tarehe 16 Februari 1977 Idi Amin, dikteta wa Uganda, alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mlokole tangu 1948. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walikimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda, wakivuka mpaka uleule ambao timu za Gahini zilikuwa zikiuvuka miaka 40 kabla wakija kuhubiri Uganda. Alifika Uingereza akiwa salama na amejaa sumu. Alikiri baadaye kwamba chuki yake kwa Amin ilikuwa ikikua na kumkausha, na kwamba alikuwa na sababu zote za kuwa nayo. Ijumaa Kuu, ameketi kanisani London, yakasomwa maneno ya Yesu msalabani ya kuwaombea msamaha wanaomwua. Akabanwa palepale na swali: kama Amin angekuwa miongoni mwa askari wale wenye misumari, je, Yesu angemruka yeye?

Akajua anachotakiwa kufanya. Alikuwa amekwisha kukifanya mara moja, akiwa kijana. Lakini safari hii hapakuwa na baiskeli ya kumfikisha hadi mlangoni pa mtu yule, na angefika asingetoka. Basi akaketi akaandika kitabu, kikatoka mwaka huohuo, na juu ya jalada akaweka maneno mawili na jina, I Love Idi Amin.